Kukaa Kando ya Mtaro: Mwongozo Kamili wa Ufuatiliaji wa Kiakiolojia Ngome ya Zamani Inapokarabatiwa Bagamoyo

Ngome ikianza kukarabatiwa, macho ya watu wote huwa juu: kwenye buruji, paa, na lipu iliyobambuka. Macho yangu mimi huwa chini. Ukuta uliopigwa lipu vibaya leo unaweza kubanduliwa kesho ukapigwa upya. Lakini udongo uliokwisha kuchimbuliwa kwa sururu, ukapakiwa kwenye toroli na kumwagwa nyuma ya uzio, hauwezi tena kukueleza nini kilikuwa juu ya nini. Ndiyo maana katika ukarabati wa jengo la kijeshi kitu kinachonikosesha usingizi ni mtaro wa maji ya mvua, ule ambao kwenye mchoro ni mstari mmoja mwembamba wa buluu.

Mwongozo huu namwandikia yule atakayepewa kazi ya kukaa kando ya mtaro huo: mwanaakiolojia anayeanza kazi, mhifadhi, afisa utamaduni wa halmashauri, hata mhandisi anayetaka kuelewa kwa nini kuna mtu saiti anayesimamisha kazi kwa sababu ya kigae cha chungu. Mfano wangu ni Ngome Kongwe ya Bagamoyo. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa maboma ya Tanga na Pangani, au kwa ile ngome ndogo ya Dunda iliyojengwa mwaka 1889, wakati wa vita vya kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann dhidi ya watu wa pwani.

Hatua ya kwanza: Zijue enzi za jengo

Usikanyage saiti kabla hujaweza kusimulia jengo kwa mpangilio wa nyakati. Ngome Kongwe kwa kawaida huelezwa kuwa ilijengwa mwaka 1860 ikiwa nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu, Abdallah Suleiman Marhabi. Baadaye ikaingia mikononi mwa Sultan Barghash wa Zanzibar, ikaimarishwa kuwa ngome. Wajerumani wakaweka askari humo, Waingereza wakaifanya gereza, kisha ikatumiwa na polisi hadi mwaka 1974, Idara ya Mambo ya Kale ilipoichukua. Mwaka 1992 ikafanyiwa ukarabati.

Kila aliyekaa humo alichimba, na hilo ndilo la kukaa nalo kichwani. Tajiri alichimba msingi na choo. Wanajeshi walichimba mashimo ya nguzo na ya taka. Gereza na polisi walilaza mabomba na kumwaga zege. Mafundi wa ukarabati nao walichimba wakajaza kifusi chao. Kwa hiyo ukiona mchanga safi wenye vipande vya mfuko wa plastiki, uko kwenye mtaro wa juzi, na hapo unaweza kuwaacha vijana wachimbe kwa kasi. Ukiona udongo mweusi wenye mkaa, mifupa ya samaki na chokaa iliyosagika, wasimamishe.

Chukua ramani ya jengo uigawe kwa rangi tatu. Nyekundu ni ndani ya ua, kandokando ya misingi, na upande wowote ambao wazee wanasema palikuwa na jiko, kisima, choo au kaburi. Njano ni eneo la nje lisilojulikana. Kijani ni pale ambapo una hakika pameshavurugwa hadi chini. Ramani hiyo ibandike kwenye ukuta wa ofisi ya saiti. Ikifichwa kwenye kompyuta yako, fundi hataiona.

Na wazee waulize mapema. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1974 leo amevuka sabini, na anakumbuka kituo cha polisi kilivyokaa. Katika jengo moja la pwani nililofanyia kazi, bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua jirani alinionyesha kwa kidole mahali lilipokuwa jiko la askari. Nilimsalimu tu, “Shikamoo bibi,” nikamweleza tunachofanya. Hata sikuwa nimeuliza. Jiko lilikuwepo palepale, sentimita arobaini chini, majivu matupu.

Bagamoyo utasikia pia habari ya njia ya chini kwa chini kutoka ngomeni hadi pwani, inayosemekana watumwa walipitishwa humo kupelekwa majahazini. Iandike kama ulivyosimuliwa, pamoja na umri wa msimulizi na mahali anapopaonyesha. Usiibeze, wala usichimbe kwa ajili ya kuitafuta. Kazi yako ni kuangalia kile ambacho ukarabati unalazimika kukichimba. Mtaro ukifunua tundu au dari ya mawe, hapo simulizi itakuwa imekupa sababu ya kusimama na kupima.

Hatua ya pili: Karatasi

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Uchimbaji wa kiakiolojia unahitaji leseni, na anayegundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Sheria inataja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ngome ya 1860 inaingia kwa miaka mitatu tu. Ganda la risasi la 1889 haliingii kwa kigezo hicho cha mwaka, na nimewahi kusikia mtu akilitumia hilo kama sababu ya kutupa “vyuma vya Wajerumani”. Usikubali. Bila ganda hilo huwezi kujua lile tabaka la majivu ni la nani.

Kabla ya mkataba kusainiwa, hakikisha una mambo matatu ndani yake, yameandikwa na si ya mdomo. Kwamba mfuatiliaji ana mamlaka ya kusimamisha uchimbaji mahali fulani. Kwamba muda huo wa kusimama umeshawekwa kwenye ratiba na mkandarasi hatakatwa fedha kwa ajili yake. Kwamba hakuna udongo unaotoka nje ya uzio kabla haujaangaliwa. La pili ndilo linaloamua mengine yote. Mkandarasi anayejua kwamba kila saa ya kusimama inamla mfukoni atachimba usiku, na wewe utakuta mtaro umekwisha asubuhi. Lilinikuta mara moja. Mita kumi na mbili za ua zilikwenda usiku mmoja, na ripoti yangu ya sehemu hiyo ni ukurasa mtupu. Sikumlaumu kijana aliyeshika sururu. Mkataba ndio uliomtuma.

Ratiba nayo ipangwe kwa kuangalia mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mtaro wa wazi kando ya ukuta wa mawe ya matumbawe wakati wa masika ni hatari kwa ukuta wenyewe. Bagamoyo inalijua hilo: sehemu ya Boma la Wajerumani ilianguka mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño. Chimba Juni hadi Septemba.

Hatua ya tatu: Kaa na vibarua kabla ya kukaa na udongo

Wanaogundua vitu ni vibarua. Wewe una macho mawili, wao wako kumi na wawili na mikono yao iko ndani ya udongo. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, keti nao robo saa. Usiwahutubie. Mwaga mezani kigae cha chungu, kigae cha sahani, ushanga, msumari wa kufuliwa kwa mkono, ganda la risasi, kipande cha mfupa, waache wavishike. Waeleze kwamba anayeita “Kaka, njoo uone” hata kwa jiwe tupu hachekwi. Na usitoe zawadi ya fedha kwa kila kitu kinachopatikana, maana vitu vitaanza kuletwa kutoka kwingine. Soda kwa wote siku ya Ijumaa inatosha.

Jambo moja la kulisisitiza hadi wachoke kukusikia: kitu kikionekana, kiachwe palipo. Nilimwona kijana mmoja akiokota kitu cha duara kwenye karai, cha kijani kibichi, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kwa nia njema kabisa alikitemea mate akakisugua kwa kidole gumba ili nikione vizuri. Ilikuwa pesa ya shaba ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja tai bado alionekana. Upande wa pili, wenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, uliondoka pamoja na ile kutu. Pesa hizo zilitengenezwa 1890, 1891 na 1892 tu. Tarakimu ya mwisho ingetusaidia kujua ni mwaka upi, na hatukujua pia imetoka kina gani, kwa sababu karai lilikuwa limejazwa kutoka sehemu mbili za mtaro.

Hatua ya nne: Vifaa

Huhitaji vitu vya ghali. Mwiko mdogo wa mwashi ulionolewa, brashi laini, futikamba ya mita tano na nyingine ya thelathini, kamba na vigingi, pimamaji, dira, simu yenye kamera nzuri, kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita kumi kwa ajili ya picha, mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu, kalamu ya wino usiofutika, daftari lenye jalada gumu. Chekeche mbili: moja ya wavu wa milimita tano kwa udongo wa kawaida, nyingine ya milimita mbili kwa sampuli, kwa sababu ushanga mdogo hupita kwenye ile ya kwanza bila wewe kujua. Kofia ngumu na viatu vya saiti ni lazima, hata kama wote wanaokuzunguka wamevaa ndala.

Hatua ya tano: Namna ya kutazama

Simama upande ambao jua liko mgongoni mwako na uso wa mtaro uko mbele yako. Kwenye eneo jekundu uchimbaji uwe wa mkono, sentimita kumi kumi, uso ukisawazishwa kwa sepetu kila mara. Mashine ikilazimika kutumika eneo la njano, ndoo yake iwe ya mdomo bapa isiyo na meno, na wewe usimame mahali dereva anapokuona. Mkubaliane ishara moja tu: mkono juu, anasimama.

Unachotafuta ni mabadiliko ya rangi na ya mguso kuliko vitu vyenyewe. Mchanga wa asili wa Bagamoyo ukishaujua, chochote kisichofanana nao kimeletwa na mtu. Utepe mweupe wa chokaa unaopita mlalo huenda ni sakafu, au ni siku ambayo mafundi walichanganya chokaa pale. Ukifuata utepe huo ukaona umekatwa ghafla karibu na ukuta, umepata mtaro wa msingi, yaani ule uliochimbwa ili ukuta ujengwe, na hapo pana thamani kubwa: kitu cha chini kabisa ndani ya mtaro wa msingi hakiwezi kuwa kimeingia baada ya ukuta kusimama, ila kama kuna mtu aliyechimba tena. Kigae kimoja hapo kinaweza kukuambia umri wa ukuta kuliko kitabu chochote.

Kandokando ya misingi usiruhusu mtaro mrefu ufunguliwe kwa siku moja. Misingi ya mawe na chokaa mara nyingi si ya kina kirefu, na mchanga ukiondolewa upande mmoja ukuta huanza kuutafuta. Fungua mita moja na nusu, rekodi, rudishia, songa mbele. Na mtaro ukifika kifuani mwa mtu, asiingie yeyote kabla kingo hazijazuiwa kwa mbao. Mchanga wa pwani hautoi onyo.

Hatua ya sita: Kitu kimeonekana

Simamisha mita mbili kila upande, si saiti nzima. Vijana wahamie sehemu nyingine, ili kusimama kusimgharimu mtu. Halafu fuata mpangilio huuhuu kila mara: picha kabla ya kugusa, ikiwa na kipimo na mshale wa kaskazini; umbali kutoka pembe mbili za jengo zisizohama; kina kutoka alama moja ya kudumu, ambayo mimi huipaka rangi kwenye ngazi ya mlango; rangi na hali ya udongo kwa maneno ya kawaida; namba ya tabaka. Kisha ndipo kitu kinyanyuliwe.

Kwenye mfuko andika jina la saiti, tarehe, namba ya tabaka na kina, kisha weka karatasi yenye maandishi hayohayo ndani ya mfuko. Wino wa nje hufutika kwa jasho. Chuma na shaba visioshwe kamwe. Vikaushwe kivulini na vitengwe. Vigae vya udongo vioshwe kwa maji matupu na brashi laini, lakini kama ndani ya chungu pana ukoko mweusi, usiuguse, huenda hayo ni mabaki ya chakula. Mkaa unyanyuliwe kwa ncha ya mwiko uingie kwenye karatasi ya foili bila kuguswa kwa vidole.

Ili uamue haraka ukiwa mtaroni, hizi ni alama ninazozitumia mimi. Sahani nyeupe zenye maua ya rangi au michoro iliyochapwa, ambazo nyingi zilitoka Ulaya, ukiwemo mji wa Maastricht wa Uholanzi, huashiria karne ya 19. Pesa yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria ni ya Barghash, sawa na 1882. Sarafu za heller za Wajerumani zilianza 1904, kwa hiyo tabaka lenye heller haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Chupa ambayo mshono wake unapanda hadi mdomoni ni ya mashine, yaani karne ya 20. Mshono ukiishia shingoni, mdomo umewekwa kwa mkono. Maganda manene ya risasi ya milimita 11 yanalingana na bunduki za Mauser za modeli ya 1871, ambazo askari wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walibeba kwa miaka mingi. Na vigae vyenye pembetatu zilizochorwa kwa ncha ni vya karne nyingi kabla ya ngome yoyote. Ukivipata, mwite mtaalamu siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: Mifupa na risasi hai

Haya mawili hayana mjadala. Mfupa unaoonekana wa binadamu: simamisha, funika kwa kitambaa safi, ondoa watazamaji, kataza picha za simu, toa taarifa polisi na kwa Mambo ya Kale. Ikidhihirika ni kaburi la zamani, wahusishe wazee wa mtaa na viongozi wa dini kabla ya uamuzi wowote. Kama mtaro unaweza kupindishwa, upindishwe, marehemu aachwe alipo. Hapa palikuwa kambi, na baadaye gereza, kwenye mji uliopigwa vita mwaka 1888 na 1889. Aliyelala hapo anaweza kuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsomea dua.

Risasi ambayo haijapigwa, au kitu chochote kinachofanana na kombora: hakuna kugusa, hakuna kukimwagia maji, wala kukipeleka stoo. Watu wote watoke, weka kamba, piga simu polisi. Umri hauifanyi baruti kuwa salama.

Hatua ya nane: Ukuta nao husomwa

Mtaro usikusahaulishe juu. Kabla lipu haijabanduliwa, piga picha ukuta mzima kwa mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni. Michoro, majina na hesabu za vistari zilizokwaruzwa huonekana saa hizo tu. Kwenye chumba kilichowahi kuwa mahabusu, mwombe fundi abandue kipande cha kiganja kwanza. Hesabu matabaka ya chokaa kutoka nje kwenda ndani uyaandike pamoja na rangi zake. Chukua sampuli ya chokaa ya kila awamu, kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa, maana fundi mwashi ataihitaji ili achanganye inayofanana nayo. Saruji ikipakwa juu ya mawe ya matumbawe hufungia unyevu ndani, chumvi ikajikusanya na kupasua jiwe kutoka ndani. Ukiona mfuko wa saruji unasogezwa karibu na ukuta wa zamani, uliza ni wa nini. Ni haki yako.

Boriti za mikoko zinazong'olewa zisigeuzwe kuni siku hiyo. Pima urefu, angalia alama za shoka na mabaki ya rangi, andika chumba na upande ilikotoka kila moja.

Hatua ya tisa: Daftari la kila siku

Liandike jioni hiyohiyo, kabla hujaoga. Tarehe, hali ya hewa, nani walichimba, wapi, urefu na kina, nini kilionekana. Siku isiyo na kitu nayo iandikwe hivyo: “Mita 6 upande wa kaskazini, kina sentimita 60, mchanga wa asili, hakuna kitu.” Mstari huo utamwokoa mwenzako atakayekuja miaka thelathini ijayo asichimbe tena hapo. Picha zote zihamishiwe sehemu mbili tofauti kila Ijumaa.

Hatua ya kumi: Kufunga

Kabla ya kurudishia, tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji au mchanga safi wa rangi tofauti juu ya kila sakafu au msingi uliofunuliwa, ili atakayefika hapo ajue tulipoishia. Mimi huweka pia sarafu ya mwaka huo ndani ya chupa ndogo, chini kabisa.

Ripoti isingoje mwaka. Iandike kwa Kiswahili, hata kama mfadhili anataka ya lugha nyingine pia, na nakala moja ibaki Bagamoyo, mahali mwongoza watalii na mwalimu wa shule wanaweza kuifungua. Vitu vihesabiwe mbele ya mashahidi, orodha isainiwe, vikabidhiwe kwa mamlaka ya Mambo ya Kale kwa stakabadhi. Masanduku yawekwe juu ya rafu, yasigusane na sakafu, na namba ya kila sanduku iandikwe kwenye ripoti karibu na namba ya tabaka lake. Siku ya mwisho waite wale vibarua kumi na wawili, fungua meza moja ndefu, uwaonyeshe walichokipata kikiwa kimesafishwa na kupangwa, kila mmoja akione alichokiokota yeye.